Nilijificha nyuma, kioo kikaniumbua

JUMAMOSI moja mwezi Februari, saa moja kasoro dakika tano asubuhi, nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za jumba moja la ghorofa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Mkononi nilishika mfuko wenye raba, na moyoni nilikuwa natafuta sababu nzuri ya kurudi nyumbani. Huko juu, ghorofa ya pili, muziki ulinguruma hata madirisha ya duka la dawa lililo chini yakatetema. Nikajiambia kwamba mtu wa umri wangu hana haja ya kuonekana akirukaruka na vijana. Nikajiambia pia kwamba huenda mvua ikanyesha. Ungeniuliza, mpenzi msomaji, mvua ya nje inahusiana vipi na mazoezi ya ndani, nisingekuwa na jibu.

Kilichonizuia kugeuka ni Sh500, na Sh500 hizo hazikuwa zangu.

Acha nianzie mbali kidogo. Mwezi Januari nilikwenda zahanati kwa jambo jingine kabisa, kikohozi kilichokataa kwisha. Muuguzi akanifunga ule mkanda wa kupimia presha, akaujaza upepo, akausoma mtambo wake, kisha akaujaza tena. Mara ya tatu akaenda kumwita daktari. Hapo hata kikohozi kilikatika chenyewe! 158 kwa 98. Daktari akanieleza kwamba kipimo cha juu kikifika 140, au cha chini kikifika 90, na kikirudia hivyo siku tofauti, basi hilo ni shinikizo la damu. Nirudi baada ya juma. Nikarudi, mambo yakawa yale yale. Kisha akaniuliza swali nililokuwa nikilikwepa tangu nilipoketi kwenye kile kiti.

"Baba yako yu hai?"

Baba yangu alikuwa karani. Miaka yote ya kazi yake alishinda ameketi, akaketi katika basi kwenda na kurudi, na jioni akaketi tena kusikiliza taarifa ya habari. Usiku mmoja mwaka 2003 aliamka kwenda msalani, asifike. Kiharusi. Alikuwa na miaka 54. Mimi sasa nina miaka 49, kazi yangu ni ya kuketi, na taarifa ya habari naipenda vilevile.

Daktari aliniandikia dawa, akanionya kuhusu chumvi, kisha akataka kujua natembea kiasi gani kwa siku. Nikahesabu kwa sauti: kutoka mlangoni hadi steji, kutoka steji hadi ofisini, kutoka mezani hadi kwa mama wa chapati madondo. Akacheka. Alisema dawa nizimeze bila kukosa, lakini na miguu nayo niikumbuke, maana haikuumbwa iwe pambo la viatu.

Nyumbani niliieleza habari hiyo juu juu, kama mtu anayeeleza kwamba bei ya mafuta imepanda. Mama Watoto alimfahamu baba yangu. Hakusema neno. Alikwenda jikoni, akatoa kijiko katika kopo la chumvi, na tangu siku hiyo kijiko hicho sijakiona. Binti yangu, kifungua mimba, anayesoma mwaka wa pili chuoni na aliyekuwa likizoni, naye alinyamaza. Majuma mawili baadaye aliweka risiti mezani kando ya kikombe changu cha chai.

"Baba, nimekulipia darasa la Jumamosi. Pesa hazirudishwi."

Nikamuuliza amezipata wapi. Akasema ni masalio ya mkopo wake wa HELB. Hebu fikiri! Mzazi mzima napelekwa mazoezini kwa mkopo wa elimu, ambao mtoto ataulipa siku moja pamoja na riba. Ndiyo sababu nilipofika zile ngazi sikugeuka.

Huko juu nilitarajia kuwakuta wale wasichana wa matangazo ya televisheni, viuno kama nyigu. Niliwakuta watu kama ishirini na watano wa kawaida kabisa. Kulikuwa na mama ninayemjua kwa sura kwa vile huuza sukuma wiki karibu na steji yetu, vijana wanne waliosema ni wa benki, mwalimu mstaafu wa kike mwenye nywele nyeupe, na bwana mmoja mwenye kitambi kilichokizidi changu, Mungu ambariki. Wengine walivaa mavazi ya kubana, wengine fulana za kampeni za uchaguzi uliokwisha zamani. Raba zangu nilizozinunua Gikomba hazikutazamwa na yeyote.

Nilikwenda moja kwa moja safu ya mwisho, kona iliyo karibu na mlango, nikijua nimejificha barabara. Hapo ndipo nilipoinua macho. Ukuta wote wa mbele ulikuwa kioo, kutoka sakafuni hadi darini, na nyuma kabisa ya kile kioo, katikati ya mabega ya watu, alisimama mzee mmoja aliyevaa kaptura ya mwanawe wa kidato cha tatu. Sikumtambua mara moja.

Mwalimu wetu alikuwa msichana mdogo wa umbo, lakini sauti yake haikuhitaji spika. Kabla ya lolote aliuliza: "Kuna mgeni? Kuna mwenye presha, sukari, moyo, pumu, goti, mgongo, au mjamzito?" Mwalimu mstaafu akainua mkono bila haya, presha. Mama wa sukuma wiki akasema goti. Kijana mmoja wa benki akasema pumu, akaonyesha kile kifaa chake cha kuvuta dawa. Nami? Nilitazama raba zangu kana kwamba zimeandikwa barua. Vidonge nilikuwa nimevimeza asubuhi ile ile, lakini kulitamka neno presha mbele ya vijana wale niliona ni kujitangaza mgonjwa. Isitoshe, niliogopa nisije nikawekwa kando pamoja na nyanya.

Mchezo wenyewe ni ule waitao zumba. Asili yake ni mji wa Cali nchini Colombia. Alberto Pérez, mwalimu wa mazoezi, alifika darasani siku moja akagundua kwamba kanda ya muziki wake wa kawaida ameisahau nyumbani. Akachukua kanda za salsa na merengue alizokuwa nazo, akalifundisha darasa lake kwa kucheza ngoma badala ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Watu wakaupenda uzembe ule kuliko mpango wa awali. Mwaka 2001 alianzisha kampuni nchini Marekani pamoja na wenzake wawili, na ajabu ni kwamba wote watatu huitwa Alberto.

Tulipasha misuli moto kwa dakika kama kumi, polepole, na hapo nikaona mambo ni mepesi. Kisha muziki ukabadilika. Walipokwenda kulia mimi nilikuwa kushoto, walipogeuka mimi nikabaki ana kwa ana na kijana wa benki, tukatazamana kama watu waliokutana mlangoni na kila mmoja anampisha mwenzake. Walipopiga makofi mimi nilipiga baada yao, peke yangu, na ukumbi mzima ukanisikia. Dakika ya ishirini fulana yangu ilikuwa imelowa kana kwamba nimenyeshewa na ile mvua niliyoitafuta kule kwenye ngazi.

Halafu ukaja wimbo wa Kanda Bongo Man.

Vijana wa sasa hawajui maana ya jambo hili. Mapema miaka ya 1990, nikiwa shule ya upili, kwasa kwasa ndiyo iliyokuwa somo langu bora kuliko yote, na ripoti zangu za muhula zilithibitisha. Kiuno kikakumbuka chenyewe. Mama wa sukuma wiki akapiga vigelegele. Vijana wa benki wakageuka kutazama. Mwalimu akaniambia, "Mzee, kumbe unajua!" Hapo ndipo nilipopotea. Badala ya kucheza kwa kadiri yangu nilicheza kwa kadiri ya mwaka 1991, magoti chini, mikono juu, pumzi nimezizuia kwa kiburi. Wimbo ulipokwisha nikasimama ghafla, na ukumbi nao ukaanza kuzunguka. Vimulimuli vikajaa machoni. Nilinyoosha mkono kutafuta ukuta, nikakishika kioo.

Mwalimu alinifikia kabla sijaketi. "Usikae! Tembea papo hapo, taratibu, ukiishika bega langu. Nitajie majina ya watoto wako."

Nina watoto watatu. Nilimtaja mmoja na nusu, pumzi zikaisha.

Baadaye alinieleza sababu ya amri zake. Mtu anapochezesha miguu kwa nguvu, misuli ya miguu husaidia kuirudisha damu kuelekea moyoni. Ukisimama ghafla, damu hukawia huko chini, kichwa kikapungukiwa, ukaona kizunguzungu, hasa kama unatumia dawa za presha. Kwa hiyo hupunguzi mwendo kama matatu iliyomwona polisi. Unapunguza kidogo kidogo. Na yale majina ya watoto ndiyo kipimo chake: ukifanya mazoezi ya wastani unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukishindwa hata kuzungumza umepita kiasi chako. Wako wanaotoa umri kutoka 220 kupata upeo wa mapigo ya moyo, ambao kwangu ungekuwa 171, lakini hiyo ni kadirio tu, na baadhi ya dawa za presha hupunguza kasi ya moyo, hesabu ikakudanganya. Mdomo haudanganyi. Kifua kikiuma au kikibana ni habari nyingine kabisa, huko ni kuacha papo hapo na kukimbizwa hospitalini.

Alinipeleka kando penye maji. "Presha?" akauliza kwa sauti ya chini. Nikaitikia kwa kichwa. "Mbona nilipouliza hukusema, mzee wangu?" Sikuwa na la kumjibu binti wa umri wa binti yangu. Mwalimu mstaafu ndiye aliyenijibia, alikuwa amesogea anajifuta jasho kwa leso. "Mimi yangu ina miaka kumi na mmoja, mwanangu," akasema, kana kwamba anazungumzia ng'ombe wake wa maziwa. "Asubuhi kidonge, jioni hapa. Nawe umeza dawa, na mwalimu mwambie ukweli. Tukikuzika haitakuwa kwa sababu ya kwasa kwasa, itakuwa kwa sababu ya haya."

Maneno hayo niliondoka nayo. Baba yangu naye alikuwa na presha, msomaji. Tulijua baada ya mazishi, tulipofungua droo ya meza yake tukakuta kadi ya kliniki na vidonge vya miezi minne havijaguswa. Mama hakuwa na habari. Sisi wanaume tuna tabia ya kuificha miili yetu kama watu wanaoficha mali ya wizi. Tungekuwa twaificha baiskeli namna hiyo, ningeelewa.

Nimejiuliza kama ni kweli kwamba kule kuketi kulichangia. Yupo mtu aliyelichunguza jambo hili mapema. Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti uliowahusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Dereva na kondakta walifanyia kazi ndani ya basi moja, kwa mwajiri mmoja. Tofauti ni kwamba dereva alishinda ameketi, na kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tikiti, mamia ya vidato kwa siku. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Mwaka 1956 wataalamu hao walichunguza hata sare, wakakuta suruali za madereva zina viuno vipana zaidi. Sisemi utingo wetu anayening'inia mlangoni mwa matatu ni mfano wa afya, kwani ana hatari zake nyingine, lakini tangu nisome habari hizo nikipanda matatu humtazama dereva kwa huruma. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Siku hizi Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, na siku mbili au zaidi za kuipa misuli kazi ya nguvu. Hizo 150 ni kama nusu saa kwa siku tano. Halikusema lazima kuwe na kioo wala spika. Anayeshuka matatu steji mbili kabla ya kwake akamalizia kwa miguu, mwendo wa haraka, anazipata bure. Mimi nimejaribu njia hiyo miaka mingi, kila Januari, na kila Januari ilikufa kabla ya Februari. Peke yangu hakuna anayejua nisipokwenda. Darasani, ukikosa Jumanne, mama wa sukuma wiki anakuuliza Jumatano mbele ya wateja ulikuwa wapi.

Lakini ukiamua kwenda, usilipe mwaka mzima kwa furaha ya siku ya kwanza. Lipa siku moja, tazama. Mwalimu asiyeuliza magonjwa kabla ya kuanza, asiyewapasha watu moto, anayewacheka wanaosimama kunywa maji, huyo muachie muziki wake uende zako. Na kama una ugonjwa wowote, mwone daktari kwanza.

Jumapili yake sitaisahau. Maumivu ya misuli hayaji siku hiyo hiyo, hungoja ulale kwanza, yakazidi siku ya pili au ya tatu. Kanisani watu walipopiga magoti mimi niliinamisha kichwa tu, na wakati wa kushuka ngazi za nyumbani nilishuka kinyumenyume nimeshika chuma, watoto wa jirani wakidhani ni mchezo na kunifuata. Mama Watoto alinikanda miguu kwa maji ya moto huku akicheka hadi akatoka machozi. Alipomaliza kucheka akasema jambo lililonikaa. "Baba Watoto, mimi mazoezi kama hayo nimeyafanya tangu unioe. Kuinama, kuinuka, kubeba, kusugua. Tofauti ni kwamba mimi sikuwekewa muziki, na hakuna siku niliyoambiwa nipumzike ninywe maji."

Tukakubaliana. Jumanne na Jumamosi ni zamu yangu. Alhamisi jioni yeye ndiye huenda, nami hubaki jikoni. Ugali wangu bado una madonge na watoto wameanza kula mkate siku ya Alhamisi, lakini mama yao hurudi akiimba.

Baada ya majuma sita nilirudi kwa daktari. 146 kwa 92. Nilitarajia anipigie makofi. Alisema ni vizuri, bado iko juu, dawa zisikatizwe hata siku moja, tuonane mwezi ujao. Nilimpigia binti yangu chuoni kumpa habari. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni lini nitamrudishia Sh500 zake.

Jumamosi iliyopita nilichelewa, nikakuta kona yangu ya nyuma imechukuliwa. Alisimama hapo bwana mmoja mgeni, shati la ofisini ndani ya suruali ya michezo, macho mlangoni. Nikasogea safu ya mbele yake, mahali ambapo kioo hakimwachi mtu hata kidogo. Mwalimu akauliza kama kawaida, presha, sukari, moyo, pumu. Nikainua mkono, nikalitaja jina la ugonjwa wangu kwa sauti. Kwenye kioo nilimwona yule bwana akinitazama. Kisha mkono wake ukapanda hadi usawa wa bega, ukasita hapo, na muziki ukaanza kabla sijajua kama mwalimu ameuona. Nikageuka nikamwonyesha kwa kidole.